Bata Mzinga wa Mama Yunia

Mwezi uliopita, tulipomzika Mama Yunia kwao Bondo, nilipewa kipaza sauti nikaambiwa niseme machache, nami nikasema nusu. Nilisimulia jinsi bata mzinga wake alivyokuwa akinikimbiza kila asubuhi nikienda bombani, na jinsi siku moja nilivyojifungia chooni nikiwa nimechelewa kazini, nikapiga kelele mpaka Mama Yunia akaja na kipande cha ugali kumwita ndege wake. Watu chini ya hema walicheka hadi wengine wakafuta machozi, na kwenye mazishi ya mtu aliyeishi zaidi ya miaka tisini kucheka si dhambi. Kisha mwenye kuongoza shughuli akaninyang'anya kipaza sauti kwa adabu, kwa sababu wasemaji walikuwa wengi na jua lilikuwa kali. Nilirudi kwenye kiti changu cha plastiki nikiona aibu, maana nilijua nimewapa watu sehemu tamu nikaficha ile chungu. Baadaye, nyuma ya jiko, nilimuuliza Roselida, binti yake, kama naweza kuisimulia yote. Alikuwa akichambua mchele, na hakuinua macho. "Andika, Mwalimu," alisema. "Mimi sina tena mtu wa kumficha."

Habari za wazazi wangu na kijiji nilikozaliwa hazina kazi hapa, nitaziruka. Nilikuwa na miaka ishirini, ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, na nilikuwa nimepata kazi ya ukarani katika duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Opiyo, mzee wa kanisa letu. Nilipanga chumba Migosi, mtaa wa Kisumu, kwenye ploti yenye vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, bomba moja katikati. Ukuta ulionitenga na Mama Yunia haukufika kwenye mabati. Fundi aliacha nafasi ya futi nzima juu, kwa hiyo harufu, moshi na maneno vilipita bila kubisha hodi. Jioni ya kwanza, kabla sijafungua hata sanduku, aligonga mlango akiwa na sahani ya ugali na omena, dagaa wa ziwa letu, aliyoikaanga kwa nyanya nyingi. "Kula kwanza, nyathina," aliniambia, yaani mwanangu. "Kupanga vitu utapanga ukishiba." Nilikula nimekaa juu ya godoro lililokuwa bado limefungwa kamba, naye akasimama mlangoni mpaka nikamaliza, kana kwamba sahani ile ingeweza kutoroka.

Alikuwa mjane, mwenye umri wa karibu miaka sitini, na aliuza njugu za kukaanga kando ya barabara. Chumba chake nakiona hadi leo nikifumba macho: kitanda nyuma ya pazia la maua, viti viwili vya mbao vilivyovishwa vitambaa alivyofuma mwenyewe, kalenda nne za miaka iliyopita ambazo hakuzitoa kwa sababu picha zake bado zilikuwa nzuri, na gunia la njugu lililopewa mahali pazuri kuliko wageni. Kila alfajiri niliamshwa na sauti yake akiomba. Aliomba kwa Kijaluo, kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani ng'ambo ya ua, na mara nyingi nilisikia jina la Roselida. Roselida alikuwa ameolewa na fundi wa magari huko Nyamasaria, na alikuwa amepoteza mimba tatu. Hilo lilijulikana na kila mtu pale bombani. Mama mmoja wa chumba cha mwisho, mtu wa maneno mengi kuliko maji, alikuwa akilisema hata mbele ya watoto: "Wakwe zake wameanza kuulizana. Wanasema hapo kwa mama yake kuna kitu." Mama Yunia alikuwa akijaza ndoo yake polepole na kusema tu, "Maji leo iko chini."

Septemba ile ilijulikana kwamba Roselida ana mimba ya nne, ya miezi mitatu, na wiki hiyo hiyo Mama Yunia alirudi kutoka Nyamasaria na kifaranga cha bata mzinga ndani ya kikapu. Sote tulidhani ameingia biashara, au anajiandalia Krismasi. Krismasi ilikuja, tukala kuku wa jirani, na bata mzinga akaendelea kunenepa. Alimlisha kwa mkono: unga, mabaki ya omena, mboga alizokatakata vizuri kuliko zake mwenyewe. Alimwosha miguu. Mvua ya jioni ilipopiga, ile mvua ya Kisumu inayokuja na radi bila kuuliza, alimwingiza chumbani, nami nikawasikia wote wawili kupitia lile pengo, mmoja akiimba na mwingine akikoroma. Ndege yule alikuwa na tabia mbaya sana. Alichukia ndoo, alichukia sketi nyekundu, na mimi nilikuwa na ndoo na sketi nyekundu. Nikilalamika, Mama Yunia alicheka: "Mvumilie, Peris. Huyo si wa kukaa." Sikumuuliza maana yake. Nilikuwa kwenye umri wa kudhani watu wazima hawana siri zaidi ya zile zilizosemwa bombani.

Machi mtoto akazaliwa, wa kiume, akaitwa Daudi. Nilikwenda Nyamasaria pamoja na kina mama wa kanisa kumwona, tukiwa tumebeba sabuni, sukari, beseni na leso mbili, tukaimba kuanzia barabarani mpaka mlangoni. Alikuwa mtoto mwenye nywele nyingi na hasira nyingi. Mama Yunia alimshika, akamnusa utosini, akamrudisha haraka kwa mama yake, kama mtu anayeogopa kuonekana anafurahi sana. Niliona hilo, nikalipita. Njiani tukirudi aliimba tangu kwao hadi Migosi bila kupumzika.

Kanisa letu lilikuwa na Jumapili ya mavuno kila Agosti, na bado linayo. Kila mtu alileta alichonacho: mahindi, ndizi, mayai kwenye bakuli lenye majani makavu, mihogo, kuku waliofungwa miguu. Vitu viliwekwa mbele, vikaombewa, kisha baada ya ibada vikapigwa mnada nje, chini ya turubai, na kilichopatikana kikaingia kwenye kazi ya Mungu. Kulikuwa na desturi moja iliyopendwa kuliko zote. Mtu akinunua kitu, aliweza kukipeleka kwa mwingine palepale. "Hizi ndizi nimemnunulia pasta!" "Huyu kuku nimemnunulia mama yangu wa ubatizo!" Watu walipiga makofi na vigelegele, na mnada ukawa mtamu. Mwaka ule mimi ndiye niliyesoma majina ya waliotoa, kwa sababu nilikuwa na sauti na mwandiko, na ukweli usemwe, nilikuwa nimeanza kujiona nguzo ya kanisa.

Mama Yunia alikuja na bata mzinga. Alikuwa amevaa kitambaa cheupe kichwani, na ndege alikuwa ameoshwa hadi anang'aa. Nilipolisoma jina lake kanisa zima liligeuka, kwa sababu wenye maduka walileta kreti moja ya soda, na huyu mwuza njugu ameleta ndege mkubwa kuliko mtoto wa miaka miwili. Akamweka mbele, akapiga magoti, akalia. Alilia kwa mabega, bila sauti. Nami, bingwa wa kusoma nyuso za watu, nikajua mara moja kinachomliza: anaagana na mwenzake wa pekee, maskini, anampa Mungu kitu asichoweza kuishi bila hicho. Moyo uliniuma kwelikweli. Sikuwa na ubaya wowote moyoni. Ndiyo maana hadi leo nikisikia mtu akisema nia ilikuwa njema, naomba kwanza nisikie alichofanya.

Ibada ilipoisha nilimfuata Bwana Opiyo kando ya gari lake. "Mzee," nikamwambia, "yule Mama Yunia ni mjane, hana kitu kingine. Ukimnunua yule bata ukamrudishia, utakuwa umefanya jambo kubwa."

Alifikiri, akajikuna kidevu. "Watu watajua ni mimi?"

"Kila mtu atajua, mzee."

Mnada ulipofika kwa bata mzinga, Bwana Opiyo aliwashinda wote, akamnyanyua kwa mabawa na kupaza sauti: "Huyu nimemnunulia mama mwenyewe! Arudi naye nyumbani!" Ilikuwa kelele ambayo sijaisikia tena pale kanisani. Kina mama walipiga vigelegele, mzee wa mnada akarusha kofia, mtu akaanzisha wimbo. Mama Yunia alikuwa amesimama pembeni. Nilimwona akisema "Hapana" mara mbili, lakini vigelegele vilimfunika, nikadhani ni ile hapana ya adabu ambayo kila mtu husema kabla ya kupokea. Nilimchukua ndege mimi mwenyewe, yule adui yangu, nikamweka mikononi mwake. Mikono yake ilikuwa baridi. Nikamkumbatia, kanisa lote likitazama, na nakiri kwamba nilifurahia kutazamwa.

Nilitegemea jioni ile atagonga mlango wangu na sahani. Hakugonga. Alfajiri iliyofuata hakuna sala iliyopita juu ya ukuta, wala iliyofuata hiyo. Bata mzinga alifungwa nyuma ya choo kwa kamba, akawekewa unga kwenye kopo na kuachwa, hakulishwa tena kwa mkono. Mama Yunia aliniamkia vizuri, "Oyawore, Peris," na kuendelea na safari yake. Nilikasirika. Niliona nimemtendea mtu wema na hata asante sijapata, nikaanza kupika peke yangu kwa kelele nyingi za sufuria ili asikie kwamba nami sina haja. Siku kumi hivi tuliishi namna hiyo, wanawake wawili wazima wakinuniana kupitia ukuta usiofika juu.

Alhamisi ya wiki ya pili, jua likianza kutoka, aligonga. Alikuwa amevaa nguo za safari na kushika mfuko. "Daudi ana homa," alisema. "Wamempeleka hospitali kubwa. Ninaenda." Nilianza kutafuta viatu ili nimsindikize, lakini hakuondoka mlangoni. "Peris. Nani alikutuma?"

"Kunituma wapi, mama?"

"Ile siku ya bata. Opiyo hana hiyo akili ya kumpea mtu kitu. Ni wewe. Nani alikutuma?"

Nikamwambia hakuna aliyenituma, nilimwonea huruma. Ndipo akaingia, akakaa kwenye godoro langu, akaniambia. Roselida alipopoteza mtoto wa tatu, Mama Yunia alimwambia Mungu: wa nne akishika, nitakulelea mnyama kwa mkono wangu, nisimuuze, nisimle, na nikimwona mtoto akiwa hai mikononi mwangu, nikuletee mbele yako mwenyewe. Wakati ule hakumwambia Roselida. Hakumwambia pasta. "Siku ile nililia kwa vile nimemaliza," alisema. "Nimefikisha. Nilikuwa mwepesi, Peris, hata magoti haikuniuma. Halafu mkanirudishia. Kitu ya Mungu sasa iko nyuma ya choo, inakula unga yangu, na mtoto ana homa."

Nilisema yale ambayo kila mtu angesema. Kwamba Mungu hafanyi hivyo, kwamba alishampokea yule ndege. Kwamba arudi tu kanisani ampeleke tena. Alinitazama kwa uchovu. "Kama Mungu alimpokea, mbona bado anakula unga yangu? Na nikimrudisha, wataniuliza kwa nini nimekataa zawadi ya kanisa. Nitasema nini? Nikisema ni nadhiri, kesho wakwe za Roselida watasikia. Watasema huyu mama alienda kufanya maagano juu ya mtoto yetu, na tazama, mtoto ni mgonjwa. Unajua vile wanaongea." Nilijua. Nilikuwa nimechota maji pale bombani mwaka mzima. "Basi tumchinje," nikasema kijinga. Alichukua mfuko wake akaenda.

Sasa ninapoandika nina miaka inayokaribia yake ya wakati ule, na redio yangu imejaa wahubiri wanaowaambia watu watoe ili wapate, tena wanataja na kiwango. Nikiwasikia naizima. Lakini sijawahi kumweka Mama Yunia kwenye kundi la wale wanaowasikiliza, na kwa muda mrefu sikuweza kueleza tofauti, maana naye alikuwa ameomba kitu na kuahidi kitu. Naona hivi: alipomleta yule ndege alikuwa ameshapewa. Hakuwa akiomba tena. Alikuwa akisema asante kwa lugha aliyoweza, na mimi nikairudisha asante yake mdomoni mwake mbele ya umati, nikapigiwa vigelegele.

Ijumaa baada ya kazi nilimwendea pasta. Nilimkuta nje ya nyumba akisafisha mnyororo wa baiskeli, mikono myeusi kwa grisi. Sikumtaja Roselida wala mtoto. Nilisema tu kwamba kuna mtu alimtolea Mungu kitu, kikarudishwa, na sasa hana amani. Pasta hakuwa mjinga, alijua ni nani. "Mungu alipokea siku ile ile," alisema. "Mwambie asiogope."

"Nimemwambia, pasta."

"Akasema?"

"Aliuliza, kama Mungu alimpokea bata, mbona bata bado anakula unga wake."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Alizungusha pedali mara kadhaa akitazama mnyororo. "Peris, ni nani alimwondoa yule ndege pale mbele?" Nikasema ni mimi. "Basi ni wewe wa kumrudisha," alisema. "Yeye asiguse tena. Alishatoa."

Jumapili niliamka mapema nikamkamata bata mzinga. Alinirarua mkono na kuichana ile sketi nyekundu, na mama wa chumba cha mwisho alitoka na mswaki mdomoni kutazama. Nilimfunga ndani ya gunia, kichwa nje, nikatembea naye hadi kanisani akiwatukana wote tuliokutana nao. Mama Yunia hakuwepo, alikuwa wodini tangu Alhamisi. Wakati wa ushuhuda ulipofika nilisimama, kwa mtindo wa kanisa letu wa kutubu mbele ya watu, jambo ambalo nilikuwa nimewaona wengine wakilifanya na kuwadharau kidogo. "Bwana asifiwe," nikasema. "Nimekosa. Siku ya mavuno nilichukua kitu kilichotolewa hapa mbele, nikapanga kirudi kwa aliyetoa. Hakuniomba. Hakuna aliyenituma. Nilitaka nionekane nina huruma. Leo nimekirudisha." Na bata mzinga, kutoka kwenye gunia, akaongeza yake kwa sauti kubwa kuliko yangu. Vijana walicheka. Bwana Opiyo hakucheka. Alisimama polepole, akafunga kifungo cha koti.

"Kwa hivyo zawadi yangu ni mbaya?"

"Hapana, mzee. Zawadi yako ni nzuri. Ni mimi niliyeielekeza pasipofaa."

"Mimi nimempea huyu mama kitu mbele ya watu. Sasa mbele ya watu hao hao mnakichukua. Mnanivua nguo, Peris. Na wewe nimekuajiri mimi."

Nilitaka sana kujitetea. Neno moja tu lingetosha, nadhiri, na kila mtu angeelewa, hata yeye. Nililiona likinijia mdomoni. Nikatazama benchi la tatu, alikokaa shangazi wa mume wa Roselida akiwa amenyoosha shingo, nikalimeza. "Nisamehe, mzee," nikasema, na nikakaa chini. Kwa miezi mitatu baada ya hapo, hadi nilipoacha kazi kwake, Bwana Opiyo hakuzungumza nami ila kupitia kwa mpima misumari. "Mwambie karani alete risiti," angesema, nami nimesimama mbele yake. Kina mama wa jikoni waliamua ndege asipigwe mnada mara ya pili, akapikwa siku ile ile kwa ajili ya kwaya ya wageni, na kwa kuwa alikuwa mgumu kama tabia yake, wageni walikula saa kumi jioni.

Kutoka pale nilikwenda hospitali. Mama Yunia alikuwa amekaa kwenye benchi la ujia, Roselida akiwa ndani na mtoto. Nilimwambia. Alinisikiliza akiwa ameshika magoti yake. "Amechukuliwa?" aliuliza. Nikasema amechukuliwa. "Umeona na macho?"

"Nimeona mpaka manyoya, mama."

Alifumba macho, akavuta pumzi ndefu iliyonifanya nitambue kwamba kwa wiki mbili nzima hakuwa amepumua vizuri. "Ero kamano," alisema, asante, na sijui alikuwa akiniambia mimi au nani. Kisha akanitazama mkono uliochanwa, akatema mate kwenye kona ya leso yake na kunipangusa damu, kama ninavyowapangusa wajukuu wangu leo.

Daudi alifariki Jumanne, mchana, mvua ikinyesha. Alikuwa na miezi mitano na siku chache.

Sikuweza kula. Nilimkasirikia Mungu waziwazi, niliona ametudanganya: nilikuwa nimebeba lile gunia, nimeaibika, nimerekebisha, na sasa hili? Bila kujua nilikuwa nimefanya biashara yangu mwenyewe naye. Nilimwogopa Mama Yunia zaidi. Mazishi yalikuwa nyumbani kwa wakwe, naye alikaa huko wiki nzima. Aliporudi Migosi nilimpikia chai ya maziwa, nikatia sukari hadi ikawa nzito, nikampelekea na mkate. Alikaa kwenye kiti chake chenye kitambaa, gunia la njugu likiwa mbele yake halijafunguliwa. Alikunywa nusu kikombe. Nilianza kulia mimi, nikasema anisamehe, nikasema ni kosa langu, kama nisingeingilia.

"Nyamaza, Peris," alisema. "Sikia. Ungeniachia huyo bata kwa hii ploti, leo ningekuwa nasema ni mimi. Ningeamka nasema ni mimi nimeua mtoto ya Roselida, nikienda kuuza njugu nasema ni mimi, mpaka kufa."

"Na sasa unasema ni nani, mama?"

Aliweka kikombe chini. "Sasa nasema ni malaria," alisema. Akalia, kwa sauti safari hii, na mimi nikamshika, na mama wa chumba cha mwisho akaja akakaa mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na neno.

Mwaka uliofuata nilikuwa nimeingia chuo cha ualimu. Likizo ya Agosti ilinikuta Migosi siku ya mavuno, na sikuwa tena msomaji wa majina, nilikaa nyuma. Mama Yunia alipita katikati ya kanisa akiwa amebeba kikapu cha njugu mbichi, zilizochaguliwa moja moja, akakiweka mbele na kurudi kukaa karibu nami. Roselida hakuwa na mimba. Hakukuwa na habari njema yoyote ninayoijua katika nyumba ile. Nikamnong'oneza, nikiogopa kidogo, "Mwaka huu ulimwomba nini, mama?"

"Sikumwomba kitu," alisema. "Nimeleta tu."

Nje, chini ya turubai, mzee wa mnada alikiinua kile kikapu. Bwana Opiyo ndiye aliyekinunua. Watu walisubiri atamtaja nani, na yeye akageuka akamtazama Mama Yunia, kisha akanitazama mimi, mara ya kwanza kwa mwaka mzima. Hakutaja mtu. Alikibeba kikapu hadi kwenye gari lake, akafungua mlango, akakaa kando ya usukani miguu ikiwa nje, akaanza kumenya njugu na kuzitafuna. Mama Yunia alimtazama mpaka akamaliza konzi ya kwanza na kuingiza mkono tena.

"Twende nyumbani," aliniambia. "Nina njaa."